Nakili Kwanza, Rekebisha Baadaye: Namna ya Kukagua Diski ya Kompyuta Nyumbani



Kila umeme unapokatika kwa ghafla na kurudi, simu yangu haikosi kulia. Huwa ni jamaa au jirani, na maneno huwa yale yale: "Kompyuta yakawia kuwaka," "Picha za harusi hazifunguki," au "Kioo kimekuwa cheusi, chaandika maneno meupe nisiyoyaelewa." Mara nyingi ugonjwa huwa uko kwenye diski kuu, ile ambayo wengi wetu twaiita hadi diski. Nimeona badala ya kumweleza mtu mmoja mmoja, niyaandike hapa, ili atakayeyahitaji ayarejee wakati wake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, laptopu yangu ilianza kutoa mlio wa tik-tik na kuganda kila nikifungua folda fulani. Ndani mlikuwa na rekodi sita za sauti ya marehemu mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akisimulia utoto wake Kibokoni: nani aliishi nyumba gani, na harusi za siku saba zilikuwaje. Nilikuwa naijua amri ya kurekebisha diski. Nikaiandika, nikaiacha ifanye kazi, nikalala. Asubuhi diski haikusomeka tena. Rekodi mbili nilizipata kwa sababu nilikuwa nimeshampelekea dadangu kwa simu. Nne zimekwenda.

Amri yenyewe haikuwa mbaya. Nilichokosea ni mpangilio wa kazi. Basi ukisoma makala haya yote ukayasahau, shika hili moja: nakili kwanza, rekebisha baadaye.

Diski huharibika vipi

Kuna diski za aina mbili majumbani mwetu. Ya kwanza ni ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani hizo huelea kichwa cha kusomea, kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ndiyo maana kuiangusha au kuitikisa ikiwa inazunguka ni hatari. Diski ya mwanzo ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, na uwezo wake wote haukufika megabaiti 5, yaani picha moja au mbili za simu ya leo.

Aina ya pili ni SSD. Hii haina kitu kinachozunguka wala mlio. Ni ya kasi na haiogopi mtikisiko kama ile nyengine, lakini ikifa yaweza kufa bila kubisha hodi.

Hitilafu nazo ni za aina mbili, na kuzitenganisha ndio msingi wa kazi yote. Fikiria ghala la mchele. Pana daftari linaloandika gunia gani liko rafu gani, na pana rafu zenyewe. Daftari laweza kuchafuka huku magunia yako salama: limeandika gunia liko rafu ya tatu, nalo liko ya tano. Hii ni hitilafu ya mpangilio wa faili. Hutokea umeme ukikatika wakati kompyuta yaandika, au mtu akichomoa flashi bila kuiaga. Hitilafu hii hurekebishika kwa programu.

Aina ya pili ni rafu iliyooza. Diski imegawanywa vipande vidogo vidogo viitwavyo sekta, kila kimoja baiti 512, au 4,096 kwa diski za siku hizi. Sekta ikichakaa, kilichoandikwa humo hakisomeki. Programu yaweza kuitia sekta hiyo alama ili isitumiwe tena, lakini haiwezi kuiponya. Daftari huandikwa upya, ila rafu iliyooza haiponi kwa kalamu.

Dalili za kuangalia

Kompyuta kukawia sana kuwaka, au kuganda kila ukifungua faili fulani. Faili kutofunguka, au jina lake kugeuka herufi za ajabu. Windows kuanza yenyewe kukagua diski kila ikiwashwa. Kunakili faili kukwama mahali pale pale. Na ukisikia mlio wa tik-tik au wa kukwaruza, usisubiri dalili nyengine. Hiyo ni diski yenyewe yafa, na nitaieleza huko mbele.

Si kila kukawia ni diski. Virusi, joto na kumbukumbu ndogo nazo hufanya hivyo. Ndiyo sababu twapima kabla ya kutibu.

Hatua ya kwanza: nakili

Kabla ya amri yoyote, chomeka diski ya nje au flashi yenye nafasi, unakili vile ambavyo huwezi kuvipata tena popote. Anza na vya thamani: picha, sauti, vyeti, hati za nyumba na shamba, hesabu za duka, majina ya wanafunzi wa madrasa. Sinema na nyimbo ziache mwisho. Programu kama Word waweza kuiweka upya, sauti ya mzazi aliyefariki huwezi.

Usinakili folda yote kwa mkupuo mmoja ikiwa diski yasumbua. Nakili kidogo kidogo. Faili ikigoma, iruke uende kwa nyengine, kwani kuilazimisha mara kumi ni kuichosha diski inayougua. Ukimaliza, fungua faili chache kutoka kwenye ile nakala, katika kompyuta nyengine, uhakikishe zafunguka kweli.

Hatua ya pili: pima afya ya diski

Karibu diski zote za leo zina mfumo uitwao SMART, ambao hujiwekea hesabu ya makosa yake. Katika Windows 10 na 11, fungua menyu ya Start, andika PowerShell, uifungue, kisha uandike:

Get-PhysicalDisk

Angalia safu iliyoandikwa "HealthStatus". Ikiwa ni "Healthy", ni kheri. Ikiwa ni "Warning" au "Unhealthy", simama hapo hapo. Nakili kila kitu na upange kununua diski nyengine.

Anayetaka kuona zaidi atumie programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Yeye huonyesha hali kwa neno na rangi: "Good", "Caution" au "Bad". Tazama mistari mitatu, nambari 05, C5 na C6. Ya kwanza ni idadi ya sekta zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba. Ya pili ni sekta zinazoshukiwa. Ya tatu ni zile zilizoshindikana kusomeka. Tarakimu za safu ya "Raw Values" zikiwa sufuri zote, vyema. Zikiwa si sufuri na zaongezeka wiki kwa wiki, diski hiyo yaaga. Mstari wa C7 ni tofauti. Mara nyingi huashiria kebo au mguso mbovu, na huku kwetu pwani, penye joto, vumbi na hewa ya chumvi, kutu ya kwenye miguso ni jambo la kuangaliwa. Waweza kubadilisha kebo ya bei ndogo ukaiokoa diski nzima.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la usomaji katika ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 zaidi ya diski isiyo na kosa hilo. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya thuluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote la SMART, ukiacha joto. Kwa hiyo onyo likija, liamini. Lisipokuja, usilale.

Hatua ya tatu: kagua na urekebishe

Sasa umeshanakili, na diski haikuonyesha ugonjwa mkubwa. Njia rahisi ni hii: fungua "This PC", bofya diski ya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Tools", kisha "Check". Windows itakagua huku ukiendelea na kazi yako.

Njia yenye nguvu zaidi ni amri iitwayo CHKDSK. Andika cmd kwenye menyu ya Start, bofya "Command Prompt" kwa kitufe cha kulia, uchague "Run as administrator". Bila ya hivyo itakukatalia. Kisha una amri tatu, na kila moja ina wakati wake.

chkdsk C: /scan
Hii hukagua bila kuzima kompyuta. Yafanya kazi kuanzia Windows 8, kwenye diski zenye mpangilio wa NTFS, ambao ndio wa kawaida kwa diski ya C. Anza na hii. Watu wengine huandika chkdsk C: peke yake, lakini diski ikiwa yatumika, jibu lake laweza kutaja makosa ambayo hayapo.

chkdsk C: /f
Hii hurekebisha daftari, yaani mpangilio wa faili. Kwa kuwa Windows yenyewe yaitumia diski ya C, itakuuliza kama wataka kazi ifanywe kompyuta itakapowashwa tena. Andika Y, bonyeza Enter, kisha uwashe kompyuta upya.

chkdsk C: /r
Hii hufanya kazi ya /f, na juu yake husoma diski nzima kutafuta sekta mbovu na kuokoa kinachosomeka. Diski kubwa ya sahani yaweza kuchukua saa nyingi, pengine usiku kucha. Hii ndiyo niliyoitumia mimi siku ile. Kuisoma diski iliyo taabani kutoka mwanzo hadi mwisho ni kama kumtaka mgonjwa wa moyo apande ngazi za minara. Itumie tu baada ya kunakili, na diski isiwe yatoa mlio.

Kwa flashi au diski ya nje, badilisha herufi C kwa herufi ya kifaa chako, mfano chkdsk E: /f. Iangalie herufi hiyo kwenye "This PC" kabla ya kubonyeza Enter.

Kabla ya kuanza /f au /r, laptopu iwe kwenye chaja na betri iwe imejaa. Ikiwa ni kompyuta ya mezani, iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya marekebisho, waweza kutoka na hasara kubwa kuliko uliyoingia nayo. Asilimia ikisimama mahali kwa muda mrefu, usikimbilie kuzima. Haraka haraka haina baraka, na hapa hasa.

Kusoma majibu

Ukiona maneno "Windows has scanned the file system and found no problems", mpangilio wa faili uko salama. Ukaguzi ukifanyika wakati wa kuwasha, majibu hupita upesi. Utayapata kwenye "Event Viewer", ndani ya "Windows Logs", kisha "Application", penye chanzo kiitwacho Wininit.

Tafuta mstari unaotaja "bad sectors". Ikiwa ni sufuri, shukuru. Ikiwa kuna kiasi, rudia ukaguzi baada ya wiki moja. Kikiwa kimeongezeka, usirekebishe tena. Badilisha diski.

Pengine baadaye utaona folda mpya iitwayo found.000 yenye faili za mwisho wa CHK. Hivyo ni vipande ambavyo CHKDSK imevikuta bila mwenyewe. Usivifute kabla ya kuangalia, kwani mara chache huwamo picha au barua iliyopotea. Na ufahamu hili: kazi ya CHKDSK ni kulisawazisha daftari, si kulinda faili zako. Ikilazimika kukata faili iliyovurugika ili daftari likae sawa, itaikata.

Ikiwa diski ni nzima lakini Windows bado yasumbua, andika sfc /scannow kwenye dirisha lile lile. Hiyo hukagua na kurejesha faili za Windows yenyewe zilizoharibika.

Wenye Mac wafungue "Disk Utility" na watumie "First Aid". Wenye Linux watumie fsck, lakini kamwe wasirekebishe diski iliyo wazi na yatumika. Waiondoe kwanza kwenye mfumo, au wawashe kompyuta kwa flashi ya usakinishaji.

Wakati wa kuacha

Mlio wa tik-tik, wa kukwaruza, au diski inayotokea na kutoweka: zima kompyuta. Usiendeshe CHKDSK. Usiifungue diski nyumbani, maana vumbi moja dogo kati ya kichwa na sahani latosha kumaliza kazi. Usiitie kwenye friza kama wanavyoshauriana watu, kwa sababu unyevu huganda ndani. Fundi anayejua kazi ataanza kwa kutengeneza nakala kamili ya diski. Programu ya ddrescue, mfano, huchukua kwanza sehemu nzima na kuziacha zile mbovu mwisho. Kisha atatafuta faili zako kwenye nakala hiyo, wala si kwenye diski mgonjwa.

Ukimpelekea fundi, mwambie waziwazi: "Usifomati." Kwa mafundi wengine kufomati ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Kufomati huifanya kompyuta iwake, na wewe ukabaki bila kitu.

Na hapa nina neno kwa wenye nyumba. Diski zetu zina picha za kupamba, ambapo mama zetu, dada zetu na wake zetu wamo bila buibui. Picha hizo zilipigwa kwa amana, kwa macho ya wanawake na wa nyumbani. Kabla ya kumpa mtu kompyuta, zinakili na uziondoe ikiwa bado yawaka. Ikiwa haiwaki, itoe diski kwanza kama tatizo ni la kioo au la chaja tu, au ukae na fundi mpaka amalize. Na akikubadilishia diski, ile ya zamani irudi mkononi mwako. Diski iliyokataa kwako yaweza kusomeka kwa mwengine. Ukiitupa, ipige misumari kwanza.

Ukinunua kompyuta iliyokwishatumika, ziwe za kutoka Dubai au Uingereza, omba uwashiwe na utazame "Power On Hours" kwenye CrystalDiskInfo. Saa 8,760 ni mwaka mzima bila kuzimwa. Diski yenye saa 40,000 haina maana ni mbovu, lakini bei yapasa kulijua hilo.

Akiba haiozi

Kinga ni nafuu. Tumia UPS kwa kompyuta ya mezani, maana kifaa cha kuzuia umeme mkali peke yake hakisaidii umeme ukikatika. Iaga flashi kwa kubofya "Eject" kabla ya kuichomoa. Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, ambazo hazina ile kumbukumbu ya marekebisho iliyo kwenye NTFS, kwa hiyo huchafuka upesi. Laptopu isitumiwe juu ya godoro ikazibwa pumzi. SSD usiipangue kwa programu za kale za kupanga diski, iachie Windows ifanye yenyewe.

Na nakala, fuata hesabu ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba yako. Hii ya tatu ndiyo wengi huiacha. Diski ya nje iliyo kabatini pembeni ya kompyuta haitakufaa moto au mwizi akija. Mwenye jamaa Malindi, Lamu, Maskat au London ampe nakala ya picha na sauti za ukoo amtunzie, naye amtunzie zake. Mimi na dadangu ndivyo tufanyavyo sasa, kila mwezi wa Shaabani kabla Ramadhani haijaingia, ili tusisahau. Zile rekodi mbili za mama ziko mahali pane.

Ikiwa kompyuta yako yawaka hii leo, usisubiri mlio. Tafuta flashi, anza na folda moja.

Wassalaam.